Ukuta Tuliogawana

Kwako rafiki yangu na fundi mwenzangu, Bibi Rula,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mzee wako, baba yetu, na wote wa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mkono wako wa kulia ukiwa bado haujasahau brashi, na mzee akiwa ameshaanza kutoka nje na mkongojo wake kama ulivyonieleza. Mwambie nilifurahi mno kusikia kwamba amerudi kugombana na redio. Mtu anayegombana na redio huyo anapona. Mimi sijambo, ukiacha kiuno, ambacho kila nikipanda ngazi kinanikumbusha umri wangu bila kuulizwa.

Utashangaa kuona nimekuandikia wakati simu ipo. Sababu unaijua: kwenye simu mimi ni mtu wa "sawa" na "haya basi". Nikisikia sauti yako nasahau nililotaka kusema, naanza kukuuliza habari za mvua. Na lile ulilonieleza mwezi uliopita si la kujibiwa kwa habari za mvua. Ulisema yule bwana mwenye duka la dawa amekuposa, kwamba mzee ameridhika naye, kwamba watu wake wanataka jibu kabla mwezi ujao haujaisha, na ukaniomba ushauri, kama rafiki. Nikakwambia nipe muda nifikiri. Basi nimefikiri, na nilichopata ndicho hiki. Naomba ukisome chote, usiruke mistari kama unavyoruka maelekezo ya kwenye kopo la rangi.

Kwanza habari za karakana. Bosi wetu amenunua ile mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, na tangu ifike anaipangusa vumbi asubuhi na jioni kuliko anavyojipangusa mwenyewe. Kazi za brashi zimepungua, lakini hazijaisha. Bado kuna wenye maduka wanaotaka herufi zenye mkono wa mtu. Kigoda chako kipo palepale. Wateja wanakikalia, na mimi nawahamisha kwa kisingizio kwamba kina rangi mbichi. Kamba yetu ya chaki, ya kupigia mistari, ipo kwenye msumari wake. Nikimaliza mstari bado nageuka kushoto nikuulize kama umenyooka, namkuta bosi anatafuna karanga, na yeye hata ukimwonyesha nyoka atakwambia kanyooka.

Sasa, wiki iliyopita ikaja simu ya kazi. Kazi yenyewe ni ya mgahawa wa Kiitaliano, uleule, pale katikati ya mji kwenye kona inayotazamana na benki. Aliyepiga ni binti wa mwenye mgahawa. Mama amechoka na sasa binti ndiye anayeshika usukani. Akasema kwa adabu sana kwamba siku hizi wateja wanapenda ukuta mweupe usio na kitu, akauliza kama naweza kwenda kuupaka rangi ule mchoro wa zamani uliomo ndani, usionekane tena. Hakujua anaongea na nani. Nikasema naweza. Ningesema nini, na bosi amesimama mbele yangu ananitazama mdomo?

Usiku huo sikulala vizuri, nakwambia ukweli. Ukuta ule ndio kazi kubwa kuliko zote tulizofanya pamoja. Tuliugawana kwa kamba ya chaki katikati, kama ilivyo desturi ya karakana yetu, wewe nusu ya kushoto na mimi nusu ya kulia: meza moja ndefu imejaa vyakula, mwanamke amekaa upande wako, mwanamume upande wangu. Vyakula vyenyewe hakuna hata kimoja tulichowahi kukionja. Tulipewa karatasi yenye picha zilizofifia, mengine tukajaza kwa akili zetu. Wewe ulichora tambi zimelala sambamba kama nywele zilizochanwa, kwa sababu hukuweza kuvumilia mstari uliopinda hata ndani ya sahani. Hapo ndipo jina la Rula lilipokuganda. Na wewe tayari ulikuwa umeshaniita Penseli, maana kutwa nilikuwa nageuza karakana chini juu naitafuta penseli yangu, na yenyewe iko juu ya sikio.

Nilikwenda mchana, na ngazi begani na futi ya kupimia mfukoni. Unamkumbuka yule mlinzi aliyekuwa akituelekeza mlango wa jikoni kila asubuhi, hata baada ya kutuzoea? Hayupo siku hizi. Niliingia mlango wa mbele na ovaroli yangu, nikagonga fremu kwa ngazi, watu wakageuka. Mama mwenye mgahawa alikuwa amekaa karibu na kaunta, amenenepa zaidi, na shanga zake zilezile. Akanitazama, akaitazama ngazi, kisha swali lake la kwanza likawa wewe. Aliuliza yuko wapi yule dada mwembamba aliyekuwa akiimba huku anapaka rangi. Nikamweleza kwamba baba yako alipopooza ulikwenda kumuuguza, ni mbali, na bado hujarudi. Akaguna. Akamwambia binti yake kwamba ukuta hauguswi mpaka huyu fundi ale, kwa sababu haiwezekani mtu akuchoree chakula, wateja wakitazame miaka yote hii, halafu yeye aondoke na harufu tu.

Alisema kweli, tuliondoka na harufu tu. Naona bado tumekaa juu ya jukwaa la mbao miguu ikining'inia, tunakula mkate mkavu na kuuteremsha kwa harufu ya vitunguu saumu vya watu. Ulikuwa ukisema siku moja tutakuja tumenawa, tumevaa tukavalika, tuingie mlango wa mbele, na wewe utaagiza lazanya, kwa sababu ndicho chakula ulichokichora bila kuelewa kinaanzia wapi. Mimi nilikuwa nakujibu kwamba tukipata kazi ya benki tutakuja. Kazi ya benki tuliipata, Rula. Hatukuja. Sijui tulikuwa tunangoja nini, au labda mimi ndiye nisiyejua.

Wakanikalisha kwenye meza ndogo ya watu wawili, upande wa pili wa chumba, ukuta wetu ukiwa mbele yangu. Kitambaa cheupe, glasi mbili, uma mbili. Mhudumu, bwana mmoja mrefu mwenye sauti ya msibani, akataka kuondoa sahani ya pili nikamwambia aiache. Akaniletea kitabu cha vyakula. Nikaagiza lazanya yako, nikaambiwa nichague na changu. Nikaona kwenye kitabu pameandikwa piza ya zabibu.

Nilimuuliza mhudumu tangu lini Waitaliano wanaweka zabibu kwenye piza. Akanijibu kwa uchovu kwamba hawaweki. Akasema kuna fundi mmoja alichora piza pale ukutani, badala ya zeituni nyeusi akaweka zabibu, tena kwa bidii, na kila moja ameipa mng'ao wake. Wateja wakawa wanaiagiza kwa kuinyooshea kidole. Mpishi alikataa, akakasirika, akatishia kuacha kazi, mwishowe akachoka akaipika, na sasa ndiyo inayoongoza kwa kuagizwa siku za mapumziko. Nikainamia kitabu. Wewe uliniambia kuwa zile si zabibu, tukabishana asubuhi nzima juu ya jukwaa, nikashinda kwa kupiga kelele. Basi leo nakupa ushindi wako. Lakini nimeila, na nakuhakikishia ni tamu.

Kwenye lazanya ndipo nilipotamani ungekuwepo. Ni tabaka juu ya tabaka, tambi pana kama vipande vya karatasi, nyama ya kusaga na nyanya katikati, na juu jibini iliyoungua kidogo pembeni. Wewe ulichora juu tu, kwa sababu picha ilionyesha juu tu. Kila tabaka nililofika nilitaka kukwambia kwamba kumbe ndani kuna hivi, na tena kuna hivi. Nilikuwa naongea peke yangu. Sahani yako ilikuwa pale, safi, na taa ya juu inaonekana ndani yake. Nimekaa na upweke mara nyingi tangu uondoke, nikaupa majina mengine, uchovu, kiuno, hali ya hewa. Pale mezani sikupata jina jingine la kuupa. Nilikukumbuka mpaka nikaweka uma chini, na mama mwenye mgahawa akaja kuniuliza kama jibini imenishinda.

Mhudumu aliporudi kuchukua sahani akaniomba radhi, akasema kuna jambo lingine la ukuta ule ambalo kila mteja analiuliza, na kwa kuwa mimi ni mtu wa rangi huenda ninalijua. Wateja wanauliza kwa nini yule bwana wa ukutani ana penseli sikioni. Mtu amevaa koti, amekuja kula na mwanamke mzuri, penseli ya nini? Yeye huwa anawaambia ni mhasibu. Akiwa anasema hayo macho yake yakashuka pembeni mwa uso wangu, yakatulia hapo. Nikapeleka mkono sikioni, nikaikuta penseli yangu.

Rula, mimi sikumchorea yule mtu penseli.

Niliinua macho nikautazama ukuta wetu. Na hapa lazima nikwambie jambo ambalo nimelificha bila hata kujua kwamba nalificha: ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona. Juu ya jukwaa unaona urefu wa mkono wako tu, pua imegusa ukuta. Siku ya mwisho bosi alinipeleka kuandika lile basi la shule lililokuwa na haraka, na wewe ukabaki kumalizia. Desturi yetu ni kwamba siku ya mwisho tunabadilishana, mimi napita kwenye nusu yako na wewe kwenye yangu, kila mmoja anarekebisha ya mwenzake kabla ya kukabidhi. Siku ile ulipita peke yako kwenye nusu zote mbili. Baadaye nilichungulia tu kupitia kioo cha dirishani nikitoka kununua tapentaini, na kutoka pale unaona piza na pembe ya meza, basi.

Wewe ukaniuliza. Nakumbuka ulikuwa unaosha brashi, umenipa mgongo. Uliuliza kama nimeuona ukuta. Nikajibu ndiyo, nimeuona, kazi nzuri, ila wekundu wa meza umezidi kidogo. Ukafunga bomba. Ukasema haya. Nilidhani umechukia kwa ajili ya ule wekundu, nikakununulia soda.

Sasa nilikuwa nimekaa mbele yake, nimeshiba, na hakuna jukwaa wala kioo. Mwanamke wa upande wako ameweka uma chini. Ameegemeza kidevu kwenye kiganja. Tambi zake zimenyooka mbele yake na hazitazami hata kidogo. Kwenye mkono wa gauni lake kuna tone dogo la bluu, tone ambalo mtu mwingine angedhani ni kosa la fundi, lakini mimi nalijua, lipo kwenye kila nguo uliyowahi kuvaa kazini. Anamtazama bwana mwenye penseli. Namna anavyomtazama sijui niielezeje. Nilihisi kama nimeingia chumba cha watu bila kubisha hodi. Na yule bwana, niliyemchora mimi kwa mkono wangu, nikamvalisha koti na kumpaka kiatu mpaka kikang'aa, ameinamisha kichwa kwenye piza yake ya zabibu. Hajui kama kuna mtu mezani.

Nilikaa pale mpaka wateja wa mchana wakaisha. Mhudumu alikuja akapangusa meza ambayo ilikuwa safi, akapangusa tena. Nadhani alielewa, maana aliniletea kahawa ambayo sikuiagiza na akaacha kuongea kwa sauti ya msibani.

Ulimaliza ile kazi, ukaniuliza, ukangoja. Nakumbuka uliendelea kuja karakana misimu kadhaa, ukicheka kama kawaida, na mimi nikidhani kwamba kucheka ndiyo kila kitu. Halafu mzee akaugua ukaenda, na kituoni ulinishika mkono ukaushikilia kidogo, nikakwambia usisahau kununua maji ya njiani. Ndiyo niliyokuwa nayo ya kukwambia. Maji ya njiani.

Basi umeniomba ushauri, na ushauri wangu ndio huu. Sina la kumsema vibaya yule bwana. Anamletea mzee dawa mpaka mlangoni, anamsikiliza habari za redio, ana nyumba na ana heshima. Nilitafuta kasoro katika picha uliyonitumia, ile mliyopiga mbele ya duka lake, nikaikosa kwake nikaipata juu ya mlango. Bango lake limepinda. Limeinama kulia kabisa, na wewe umesimama chini yake unatabasamu. Nilikaa na picha ile siku nyingi. Wewe ambaye uliwahi kushuka kwenye gari la watu ukanyoosha kibao cha kinyozi usiyemjua, umepita chini ya bango lile miezi yote hii na hujaligusa. Labda umebadilika. Lakini mimi nilipata matumaini, na sijaona sababu ya kukuficha.

Kama unampenda, mkubali, na mimi nitakuja harusini nimenawa na nimevaa, na bango nitalinyoosha mwenyewe. Ila kama unataka kumkubali kwa sababu uliuliza mara moja ukajibiwa habari za wekundu wa meza, basi nakuomba usimkubali. Nakupenda, Rula. Nimekupenda muda wote huo nikidhani ni mazoea ya kazi. Nimeliandika neno hili kwa herufi ndogo, bila urembo, juu ya mstari niliopiga kwanza kwa penseli, kwa sababu wewe hupendi mstari uliopinda.

Kuhusu ukuta: kesho yake asubuhi nilirudi na ngazi. Binti alidhani nimekuja kuanza kuupaka weupe, akashangaa kuona natoa brashi nyembamba na vile vikopo vyetu vidogo. Aliniuliza kwa nini napoteza rangi nzuri kwenye kitu kinachofutwa. Nikamwambia kuna marekebisho ya siku ya mwisho ambayo hayakufanyika, na karakana yetu haikabidhi kazi hivyo. Mama yake akamvuta mkono wakaenda jikoni. Waliporudi, binti akasema ukuta utakaa mpaka mwisho wa mwezi ujao, baada ya hapo atautaka mweupe kama tulivyokubaliana, na hataki kuja kuambiwa hadithi nyingine. Sikumlaumu. Mgahawa ni wake.

Kwa hiyo una mwezi ujao wa kuamua, na mimi sitakupigia simu kukusumbua. Ukija, njoo mchana, kuna mwanga mzuri. Meza ile ya watu wawili mhudumu amesema ataiangalia. Usipokuja nitajua, nitaupaka weupe mwenyewe, kwa mkono wangu, sitamwachia mtu mwingine. Lazanya tu sitaila tena bila wewe.

Nifikishie salamu kwa mzee, umwambie redio haina kosa. Bosi anakusalimu, na ile mashine yake pia, maana hawatengani. Msalimu hata yule bwana wa dawa, hajanikosea kitu.

Nisije nikafunga barua bila kukueleza nilichorekebisha. Nusu yako sikuigusa, hata lile tone la bluu. Penseli nimeiacha pale ulipoiweka. Nilichofanya ni kazi ya asubuhi moja, shingo na macho basi, na imenitoa jasho kuliko ukuta mzima wa zamani. Nimemwinua kichwa. Sasa anakutazama. Piza yake ipo palepale inapoa, na hana habari nayo.

Ni mimi wako,
Penseli